Mwangwi Unaopima Uvimbe: Altrasaundi na Matibabu ya Saratani

Mnunuzi wa chungu sokoni hatosheki na kukitazama kwa macho. Hukiinua, akakigonga kwa kidole na kutega sikio. Chungu kizima hutoa mlio mwangavu. Chenye ufa hutoa mlio uliofifia. Kwa kugonga na kusikiliza, mnunuzi hupata habari ambayo macho yake hayakuweza kumpa. Mwaka 1761 daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni ambako mapipa ya mvinyo yaligongwa ili kujua kiasi kilichobaki, alitoa kitabu cha kuwafundisha madaktari kugonga kifua cha mgonjwa ili kutambua kama kimejaa maji. Tangu hapo sauti imekuwa mojawapo ya macho ya uganga.

Altrasaundi ni mtoto wa fikra hiyohiyo. Watu wengi wanaifahamu kwa sababu ya mama wajawazito, ambao hupimwa ili hali ya mtoto tumboni ijulikane. Lakini chombo hicho kina kazi nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni kumwambia daktari kama dawa anayompa mgonjwa wa saratani inafanya kazi au haifanyi. Makala haya yanaeleza jinsi mwangwi wa sauti unavyoweza kujibu swali hilo, na kwa nini jibu lake hupaswa kusomwa kwa hadhari.

Swali ambalo daktari hana budi kuliuliza

Saratani ni ugonjwa wa seli zilizoacha kutii amri ya mwili na kuzaana bila kikomo. Dawa nyingi za kutibu saratani huua seli zinazogawanyika kwa haraka. Kwa bahati mbaya, mwili una seli njema zenye tabia hiyohiyo: zile za mizizi ya nywele, za utando wa ndani ya utumbo, na za uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa anayetibiwa hunyonyoka nywele, hutapika, na hupungukiwa na damu. Dawa hizo ni sumu inayotolewa kwa kipimo, kwa matumaini kwamba uvimbe utakufa kabla mwenyewe hajadhoofika mno.

Ikiwa uvimbe unaitikia dawa, mateso hayo yana maana. Ikiwa hauitikii, mgonjwa anabeba maumivu yasiyo na faida, na kila wiki inayopita ni wiki aliyoibiwa, kwa kuwa angeweza kuwa anatumia dawa nyingine. Kwa hiyo daktari hujiuliza mapema iwezekanavyo: je, uvimbe unaitikia?

Katika Afrika Mashariki swali hilo lina historia yake. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zake zote. Muda si mrefu aliona mtoto mwingine mwenye hali kama hiyo, na uvimbe mwingine tumboni. Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walifunga safari ya gari ya kilometa kama 16,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hadi hospitali kama ugonjwa huo unajulikana. Walikuta kwamba unafuata nchi zenye joto na mvua, na kwamba hupungua sana katika nyanda za juu zenye baridi. Kandokando ya Ziwa Viktoria unaonekana hata leo.

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya kuzaana upesi, huumizwa sana na dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Burkitt mjini Kampala na Peter Clifford mjini Nairobi waliona uvimbe mkubwa wa taya ukiyeyuka kwa muda mfupi baada ya mtoto kupewa dawa. Mwaka 1967 kilifunguliwa mjini Kampala kituo cha kutibu limfoma, kituo ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Uvimbe wa taya huonekana na kila mtu. Mama akimtazama mwanawe asubuhi anaweza kusema kama shavu limepungua. Lakini limfoma ya Burkitt hukaa pia ndani ya tumbo: katika figo, katika ini, katika ovari za watoto wa kike. Hapo mama haoni kitu ila tumbo lililojaa. Mtu akizungusha utepe wa fundi cherehani kiunoni mwa mtoto, atapata kipimo, lakini hatajua kama kilichoongezeka ni uvimbe, ni maji, ni hewa ya utumbo, au ni chakula tu. Hapo ndipo mwangwi unapohitajika.

Sauti isiyosikika

Sauti ni mtetemo unaosafiri ndani ya kitu. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi kama 20,000 kwa sekunde moja. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi. Sauti iliyo juu ya hezi 20,000 haisikiki kwetu, ingawa popo huitumia kuwinda wadudu gizani. Sauti hiyo ndiyo altrasaundi. Vyombo vya hospitali hutumia mitetemo mingi zaidi, kwa kawaida kati ya milioni 2 na milioni 15 kwa sekunde.

Mtetemo huo unapatikanaje? Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani, zikikandamizwa, hutoa umeme. Muda mfupi baadaye ilithibitika kwamba kinyume chake ni kweli pia: fuwele hizo zikipewa umeme hutanuka na kusinyaa. Kwa hiyo kipande kimoja cha fuwele chaweza kuwa kinywa na sikio kwa zamu. Hupewa umeme kikatetemeka na kutoa sauti. Kisha hunyamaza, kikapigwa na mwangwi unaorudi na kutoa umeme. Umeme huo hugeuzwa kuwa nukta za mwanga kwenye kioo, na nukta nyingi zikipangwa pamoja huwa picha.

Katika nyama laini za mwili sauti husafiri kwa mwendo wa wastani wa meta 1,540 kwa sekunde. Kila inapovuka mpaka wa kitu kimoja na kingine, kwa mfano kutoka mafuta kwenda kwenye ini, sehemu ndogo hurudi kama mwangwi na sehemu kubwa huendelea mbele. Chombo hupima muda uliopita tangu sauti ilipotoka mpaka mwangwi ulipofika. Kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi, umbali hupatikana hivi:

umbali = mwendo wa sauti × muda ÷ 2

Uvimbe ulio sentimeta 10 chini ya ngozi hurudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 130 hivi, yaani sehemu 130 za milioni za sekunde. Jicho likipepesa mara moja, chombo kimekwisha kupokea miangwi mingi sana. Ndiyo sababu daktari huona moyo ukipiga na utumbo ukijongea wakati uleule.

Kadiri mitetemo inavyokuwa mingi ndivyo urefu wa wimbi unavyopungua na ndivyo picha inavyoonyesha vitu vidogo zaidi. Kwa mitetemo milioni 3.5 wimbi lina urefu wa milimeta 0.44, kwa mitetemo milioni 10 lina milimeta 0.15. Lakini mwili hula sauti ya mitetemo mingi kwa upesi zaidi, hata isifike mbali. Kwa hiyo fundi wa picha hupata uwazi kwa kupoteza kina, au kina kwa kupoteza uwazi. Titi lililo karibu na ngozi hupimwa kwa mitetemo mingi. Ini na figo hupimwa kwa mitetemo michache zaidi.

Kutoka baharini hadi tumboni

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za akina Curie kutuma sauti chini ya maji ili kutafuta nyambizi za adui. Baadaye viwandani sauti hiyohiyo ilitumiwa kutafuta nyufa ndani ya vyuma, kazi inayofanana kabisa na ile ya mnunuzi wa chungu.

Mwaka 1955 Profesa Ian Donald, daktari wa magonjwa ya wanawake mjini Glasgow, Scotland, alichukua vivimbe vilivyokwisha kutolewa kwa wagonjwa, akavipeleka kiwandani na kuvipima kwa mashine ya kukagua vyuma. Aliona kwamba uvimbe mgumu na mfuko wa maji havitoi mwangwi wa namna moja. Mwaka 1958 yeye pamoja na daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Mwangwi ulionyesha kwamba alichokuwa nacho ni mfuko mkubwa wa maji katika ovari. Ulitolewa, naye akapona. Tangu siku hizo altrasaundi na elimu ya vivimbe vimekwenda pamoja.

Kupima kwa rula, na makosa ya rula

Njia ya kwanza ya kujua kama uvimbe unaitikia ni nyepesi kusema: upime kabla ya dawa, kisha upime tena. Lakini usahihi wa njia hiyo una kikomo, na historia yake inawafaa wanafunzi wa sayansi.

Mwaka 1976 Charles Moertel na James Hanley walichapisha jaribio dogo la ajabu. Walichukua tufe 12 za ukubwa mbalimbali, wakazilaza juu ya kitu laini na kuzifunika kwa tabaka la sponji, mithili ya uvimbe chini ya ngozi. Madaktari 16 wenye uzoefu wa kutibu saratani waliombwa wazipapase na kuzipima. Vipimo vilitofautiana. Mara nyingine tufe ileile ilionekana kama imepungua, ingawa tufe haziwezi kusinyaa. Somo lilikuwa wazi: punguo dogo huenda likawa kosa la mkono, wala si kazi ya dawa. Punguo lazima liwe kubwa kuliko kosa ndipo liaminike.

Mwaka 1979 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni za kueleza matokeo ya tiba ya saratani. Uvimbe ulipimwa kwa mapana mawili yanayokatana kwa pembe mraba, kisha yakazidishwa. Zao hilo likipungua kwa asilimia 50 au zaidi, ilihesabiwa kwamba uvimbe umeitikia kwa sehemu. Likiongezeka kwa asilimia 25, ugonjwa ulihesabiwa kuwa unasonga mbele. Mwaka 2000 zilitolewa kanuni mpya zinazoitwa RECIST, ambazo hutumia urefu mmoja tu, ule mkubwa kuliko wote: punguo la asilimia 30 ni kuitikia, ongezeko la asilimia 20 ni kusonga mbele.

Msomaji asidhani kwamba kanuni hizo zinapingana. Uchukuliwe mfano wa uvimbe wenye sentimeta 8 kwa 6 kwa 5. Ujazo wake hukadiriwa kwa kuzidisha vipimo vitatu na 0.52, nao ni kama sentimeta za ujazo 125. Baada ya dawa uvimbe umekuwa sentimeta 4 kwa 3 kwa 2.5. Urefu mkubwa umepungua kwa asilimia 50. Zao la mapana mawili limeshuka kutoka 48 hadi 12, yaani asilimia 75. Ujazo umebaki karibu sentimeta za ujazo 16, yaani umepungua kwa asilimia 87.5. Uvimbe ni mmoja, badiliko ni moja, lakini tarakimu ni tatu. Anayesoma habari za tiba mpya hana budi kuuliza kwanza ni kipimo gani kilichotumika.

Kwa upande wa mtoto mwenye limfoma ya Burkitt tumboni, altrasaundi hutoa vipimo hivyo bila kumchoma na bila mionzi. Anaweza kupimwa leo, akapimwa tena baada ya siku chache, na tena baadaye, bila madhara ya kurudia. Chombo huonyesha pia kama figo zinapitisha mkojo vizuri. Hilo si jambo dogo. Uvimbe mkubwa ukifa kwa ghafula humwaga takataka za seli katika damu kwa wingi, na figo zinazoziondoa zaweza kushindwa. Huo ni wakati ambapo dawa inayofaulu inaweza kumhatarisha mgonjwa kwa sababu ya kufaulu kwake.

Uvimbe uliokufa bila kusinyaa

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba uvimbe unaoitikia dawa lazima upungue upesi. Dawa mpya zimeonyesha kwamba sivyo daima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa iitwayo imatinibu ilianza kutumiwa kutibu aina fulani ya uvimbe wa tumbo na utumbo ujulikanao kwa kifupi kama GIST. Katika wagonjwa wengine uvimbe ulikaa vilevile kwa majuma mengi, na mara chache hata ukaongezeka kidogo, huku ndani yake seli zimekufa na damu imekoma kupita. Aliyetumia rula pekee angesema dawa imeshindwa, akaiondoa dawa iliyokuwa ikimwokoa mgonjwa.

Kwa hiyo swali liligeuka. Badala ya kuuliza uvimbe ni mkubwa kiasi gani, watafiti waliuliza: je, bado una uhai? Mwaka 1971 Judah Folkman wa Marekani alikuwa ameeleza kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kujitengenezea mishipa ya damu. Damu basi ni dalili ya uhai, na mwendo wa damu waweza kupimwa kwa sauti.

Msingi wake ni kanuni iliyoelezwa mwaka 1842 na Christian Doppler wa Austria. Honi ya basi linalokuja husikika nyembamba, na likishapita husikika nzito, kwa sababu mwendo wa basi hubana mawimbi au huyatandaza. Chembe za damu zikielekea kwenye kipimio, mwangwi wao hurudi na mitetemo zaidi. Zikikimbia, hurudi na mitetemo pungufu. Sauti ya mitetemo milioni 5 ikiipiga damu inayokwenda sentimeta 10 kwa sekunde kwa pembe ya nyuzi 60, tofauti inayopatikana ni kama hezi 325. Tofauti hiyo iko ndani ya uwezo wa sikio letu. Ndiyo maana mashine za Doppler huvuma kwa mapigo, na mgonjwa husikia damu yake mwenyewe ikipita.

Hata hivyo mishipa ya uvimbe ni myembamba na damu yake huenda polepole, hivi kwamba Doppler ya kawaida huikosa mara nyingi. Dawa ya tatizo hilo ni viputo. Mgonjwa hudungwa katika mshipa maji yenye viputo vidogo mno vya gesi, kila kimoja kimevikwa ganda jembamba la mafuta, navyo ni vidogo hata kuliko chembe nyekundu za damu. Viputo hupita popote damu ipitapo na huakisi sauti kwa nguvu, kisha gesi yake hutoka mwilini kwa pumzi. Daktari hutazama jinsi uvimbe unavyong'aa viputo vinapoingia. Uvimbe ulio hai hung'aa upesi. Uliokufa hubaki mweusi. Nchini Ufaransa, utafiti wa hospitali nyingi ulioongozwa na Nathalie Lassau ulihusisha wagonjwa zaidi ya 500 waliopewa dawa za kuzuia mishipa ya uvimbe. Ulionyesha kwamba waliopungukiwa sana na damu katika uvimbe baada ya mwezi mmoja walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujasonga mbele.

Ugumu wa nyama na seli zinazokufa

Kila tabibu anajua kwamba saratani ya titi, aghalabu, ni ngumu kuliko nyama inayoizunguka. Tangu mwaka 1991, Jonathan Ophir na wenzake walipoeleza njia ya kupiga picha ya ugumu kwa kutumia altrasaundi, vidole vimepata msaidizi. Katika njia mojawapo, chombo hutuma msukumo mkali wa sauti unaozitikisa nyama, kisha hupima mwendo wa mtikisiko huo unaposambaa pembeni. Mtikisiko huu ni wa polepole mno, meta chache tu kwa sekunde, nao huenda upesi zaidi ndani ya kitu kigumu. Ugumu hukadiriwa kwa kanuni hii:

ugumu = 3 × densiti × mwendo × mwendo

Mtikisiko ukienda meta 3 kwa sekunde, ugumu ni paskali 27,000 hivi. Ukienda meta 6, ugumu ni paskali 108,000. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ugumu huongezeka mara nne. Katika uvimbe wa titi unaoitikia dawa, ugumu mara nyingi hushuka, na kushuka huko huweza kuonekana kabla punguo la ukubwa halijawa dhahiri.

Njia nyingine inaingia ndani zaidi, hadi kwenye seli. Seli inayokufa kwa sababu ya dawa haipotei papo hapo. Kwanza kiini chake husinyaa, hukazana na kumeguka vipande. Mwaka 1999 watafiti mjini Toronto, Kanada, akiwamo Gregory Czarnota, walichapisha habari za seli za saratani ya damu walizozitia dawa ya sisplatini na kuzipima kwa sauti ya mitetemo milioni 40 kwa sekunde. Seli zilizokuwa zikifa zilirudisha mwangwi wenye nguvu mara kadhaa kuliko seli hai. Kwa maneno mengine, kifo cha seli kina mwangwi wake. Baadaye kikundi hicho kiliwafuata wanawake wenye saratani kubwa ya titi waliopewa dawa kabla ya upasuaji, kikitumia mitetemo ya kawaida ya hospitali. Kwa wale ambao uvimbe wao uliitikia, nguvu ya mwangwi ilipanda katika majuma ya mwanzo, ilhali tiba yenyewe huendelea kwa miezi kadhaa. Njia hii bado ni ya watafiti zaidi kuliko ya wodi za kila siku, lakini inaonyesha elimu inaelekea wapi.

Mipaka ya chombo

Hakuna chombo kinachoona kila kitu. Sauti inapotoka kwenye nyama na kukutana na hewa, karibu yote hurudi nyuma. Ndiyo sababu ngozi hupakwa ute kabla ya kipimio kuwekwa, ili hewa isikae katikati. Ndiyo sababu pia altrasaundi haioni ndani ya pafu lenye hewa, na hupotezwa njia na utumbo uliojaa gesi. Mfupa nao huzuia na kunywa sauti, hivyo ubongo wa mtu mzima hufichwa na fuvu.

Mpaka mkubwa zaidi ni mkono wa mwanadamu. Picha ya altrasaundi hutegemea pembe ambayo kipimio kimeshikwa. Watu wawili wakipima uvimbe mmoja, kila mmoja huenda akachagua mkato wake, na vipimo vikatofautiana. Kwa sababu hiyo kanuni za RECIST zilizorekebishwa mwaka 2009 zinashauri altrasaundi isitumiwe kupima ukubwa wa uvimbe katika majaribio ya dawa. Kazi hiyo imeachiwa hasa picha za CT na za MRI, ambazo mtu mwingine anaweza kuzitazama upya na kuzipima tena.

Hukumu hiyo ni ya haki, lakini haimalizi shauri. Kanuni za majaribio zimeandikwa ili dawa zilinganishwe kati ya nchi na nchi. Daktari aliye kando ya ziwa ana mtoto mmoja mbele yake na uamuzi wa kufanya kabla ya dawa inayofuata. Mashine ya CT ni ghali, hutumia mionzi, na mara nyingi iko mbali. Chombo cha altrasaundi huweza kubebwa mkononi, na vingine huendeshwa kwa betri. Kinachotakiwa ni nidhamu ambayo sayansi yote inaitaka: mpimaji awe yuleyule inapowezekana, kipimio kiwekwe mahali palepale, mkato uwe uleule, picha itunzwe, na kipimo kiandikwe pamoja na tarehe. Tarakimu isiyo na kumbukumbu ya namna ilivyopatikana haimsaidii mgonjwa.

Auenbrugger aligonga kwa vidole, Donald akagonga kwa mashine ya kiwandani, na leo fuwele ndogo hugonga mara maelfu kwa sekunde. Lakini mnunuzi wa chungu anajua kwamba kugonga si kazi ngumu. Kazi ni kuusikiliza mlio na kuutofautisha. Mtoto aliyelala kitandani akisubiri dawa yake ya pili anamtegemea mtu aliyejifunza kusikiliza, na mtu huyo huenda leo yuko kidato cha tatu, akisoma somo la mawimbi.

Maswali na jaribio la darasani

1. Mwangwi umerudi baada ya mikrosekunde 65. Uvimbe uko umbali gani kutoka kwenye kipimio? (Jibu: sentimeta 5 hivi.)

2. Uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimeta 6 umepungua hadi sentimeta 4.2. Tafuta punguo la kipenyo na la ujazo kwa asilimia. (Jibu: asilimia 30, na asilimia 66 hivi.)

3. Mwalimu achukue ndimu, malimau na machungwa kumi na mawili, ayapime kwa siri, ayaweke juu ya blanketi lililokunjwa na kuyafunika kwa sponji nyembamba. Kila mwanafunzi apapase na kupima kwa rula bila kufunua, kisha arudie baada ya mwalimu kuyabadilisha nafasi. Darasa lilinganishe vipimo na kujadili: punguo la kiasi gani ndilo linaloweza kuaminiwa?